Majimbo ya Marekani na "mageuzi" ya sheria za kumlinda mlaji: mswada unapimwaje?

Mwanafunzi wa Sheria

Ndugu zangu, naandaa mada kuhusu sheria za majimbo ya Marekani zinazokataza udanganyifu katika biashara, na nimekwama mahali pamoja. Missouri ilirekebisha sheria yake mwaka 2020, na bunge la New York likapitisha marekebisho mwaka 2025. Hatua zote mbili zimeitwa mageuzi, ilhali ya kwanza inaonekana kumwekea mlaji vizingiti na ya pili kumwongezea kinga. Je, kuna njia ya kutambua mswada unaelekea wapi bila kutegemea jina lake? Na kwa nini majimbo yajisumbue wakati serikali ya shirikisho ina Tume ya Biashara (FTC), chombo chake cha kuzuia hila katika biashara?

Wakili Mstaafu

Nianze na la mwisho, kwa kuwa ni jepesi. Sheria ya mwaka 1914 iliyounda Tume hiyo, hata baada ya kupanuliwa mwaka 1938 ili ikataze matendo ya hila na yasiyo ya haki, haimpi mwananchi nafasi ya kushtaki mwenyewe. Pengo hilo ndilo majimbo yalianza kuliziba miaka ya 1960, ingawa Iowa haikumruhusu mlaji kufungua shauri hadi mwaka 2009.

Kuhusu njia ya kuupima mswada, ushauri wangu ni kwamba usipoteze muda kwenye orodha ya makatazo, ambayo hufanana karibu kila jimbo. Tazama nani anaruhusiwa kushtaki, anatakiwa kuthibitisha nini, na akishinda anapata nini. Massachusetts, kwa mfano, mlaji huandika barua ya madai siku 30 kabla ya kwenda mahakamani, na mfanyabiashara aliyekataa kwa nia mbaya kutoa pendekezo la haki anaweza kuamriwa kulipa fidia maradufu au mara tatu, pamoja na ujira wa wakili wa mdai. Hilo la ujira ndilo roho ya sheria yote, maana hasara ya dola 80 haina wakili atakayeibeba iwapo malipo yake yatatoka kwa mteja mwenyewe. Tennessee nayo, mwaka 2011, iliacha katazo lake la jumla palepale lilipokuwa, lakini ikawanyima watu binafsi haki ya kulitegemea mahakamani. Anayesoma katazo peke yake hataona kilichobadilika.

Mshauri wa Biashara

Mzee wangu, kwa heshima zote, umeeleza upande mmoja. Kabla ya Novemba 2004, California ilimruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya umma hata kama hakudhurika kwa lolote, na wapo mawakili waliozitumia barua za madai kukamua karakana ndogo za magari kwa makosa ya makaratasi. Wapiga kura wenyewe walipitisha Pendekezo la 64, linalomtaka mdai binafsi awe amepoteza fedha au mali. Missouri nayo haikuufunga mlango: inamtaka mdai aonyeshe kwamba alitenda kama mlaji mwenye busara, na kwamba hasara yake inaweza kukadiriwa kwa uhakika wa kutosha.

Mwanafunzi wa Sheria

Nashukuru. Basi kwa kipimo hicho New York inasimama wapi?

Wakili Mstaafu

Hoja ya California naikubali. Ya Missouri nusu nusu, kwa kuwa uhakika wa hasara ndipo mashauri ya kundi, yaani yale ambayo wadai wengi hushtaki kwa pamoja, hukwama.

New York ina sheria ya mwaka 1970 iliyofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1980, na kiwango cha chini cha fidia ni dola 50 tu. Mswada wa 2025 ulipowasilishwa ulikuwa mpana, lakini toleo lililopitishwa na bunge liliongeza katazo la matendo yasiyo ya haki na ya unyanyasaji, na kuukabidhi utekelezaji wake kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo peke yake. Kwa hiyo makatazo yameongezeka, ila mlaji mwenyewe hakupewa silaha mpya. Katika mada yako usisahau pia hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 2011 katika shauri la Concepcion: mkataba ukiwa na kifungu cha usuluhishi (kinachopeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakamani) kinachokataza mashauri ya kundi, sheria ya jimbo haiwezi kukibatilisha kwa sababu hiyo tu.