Naomba ushauri: nimefungua ekzosi ya pikipiki ingurume, sasa inapiga mishindo

Wakuu habari zenu. Nina pikipiki ya cc 150 ya kabureta, muda mrefu nilikuwa naitamani ile sauti nzito ya kunguruma, basi fundi akaikata ekzosi kwa nyuma akatoa lile bomba la ndani lenye vitundu na vizuizi vyake, akachomelea tena. Sauti nimeipata kweli, ila nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga pa! pa! kama fataki, na kwenye kuondoka imekuwa nzito, mpaka uvute mafuta sana ndo iende.

Jana nimefungua plagi nimekuta ncha nyeupe pee, zamani ilikuwa kahawia, najua hiyo ni dalili hewa imezidi petroli na injini inachemka, hapo ndo roho imeanza kuniuma maana hiki chombo nakitegemea. Halafu pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi kuna masizi meusi pembeni ya gasketi, nahisi panavuja.

Sasa wenye uzoefu, nianze na gasketi au niende moja kwa moja kuongeza namba ya jeti (kile kitundu kinachopitisha petroli) kwenye kabureta? Na kuna namna ya kurudishia kizuizi kidogo cha ndani nibaki na mngurumo bila hizi kelele kali? Jirani ana mtoto mchanga, siku hizi asubuhi naisukuma hadi barabarani ndo naiwasha, sitaki kumshtua.