Ushauri: Nawezaje kulinganisha chai za mikoa na nchi tofauti kwa haki? Ya Njombe inanoga kulekule, nikifika nayo Dar imebadilika

KikombeChaPili:
Wakuu, habari za jioni.

Kazi yangu ni ya barabarani. Nasambaza dawa za mifugo Nyanda za Juu Kusini, na mara mojamoja ofisi inanituma Nairobi na Kigali. Kila ninapopita sehemu inayolima chai nanunua pakiti. Hapa nilipo nina ya Mufindi, Lupembe, Tukuyu, Kericho na moja ya Gisovu, Rwanda. Nakunywa chai ya rangi bila sukari, na naipenda kwelikweli.

Tatizo ni hili. Chai ya Lupembe niliyoinywa Njombe asubuhi ilikuwa nyekundu, inang'aa, ukiishika mdomoni ulimi unachangamka. Pakiti ileile nikaipika nyumbani Mbagala, ikatoka nyeusi, imepooza, na juu ina utando unaoganda kwenye ukingo wa kikombe. Mke wangu anasema nimeuziwa majani ya zamani. Mimi sikubali, maana majani ni yaleyale.

Nataka nijue chai ipi hasa ndiyo yangu, ili niwe naagiza kwa kilo badala ya kubahatisha vipakiti. Naombeni ushauri: nionje vipi nyumbani, niangalie nini, na nikiwa safarini nafanyaje wakati maji ni ya birika la gesti?

Mchuuzi wa Makambako:
Swali moja kwanza mkuu. Hapo Mbagala unatumia maji ya bomba au ya kisima?

KikombeChaPili:
Kisima mkuu. Ya bomba huku ni ya mgao.

Mchuuzi wa Makambako:
Basi nusu ya jibu umeshalipata. Visima vingi vya Dar maji yake ni mazito, yana chokaa na chumvi. Utando huo ni chokaa imekutana na chai. Pika pakiti hiyohiyo kwa maji ya chupa halafu uje utuambie.

Ghala la Kilindini:
Ndugu yangu, nimefanya kazi miaka mingi Mombasa kwenye maghala ya chai, sehemu ya kuandaa sampuli kabla ya mnada. Nitakueleza tulivyokuwa tukifanya, kisha wewe upunguze kulingana na jiko lako.

Mezani vinapangwa vikombe vyeupe vya kaure, vyote sawa, kila kimoja na kibirika chake chenye kifuniko. Majani yanapimwa kwa mizani, maji yanachemka mara moja tu na kumiminwa papo hapo, na saa inaangaliwa. Kuna kipimo cha kimataifa, ISO 3103, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, na chai inakaa dakika 6. Kwa kunywa ni kali mno. Lakini ukali huo ndio unaotakiwa, kwa sababu chai ikiwa nyepesi aibu zake zinajificha.

Usipime kwa kijiko. Kijiko cha majani yaliyosagwa punje ndogo kina uzito kuliko kijiko cha majani marefu yaliyosokotwa, kwa hiyo utakuwa unalinganisha chai nyingi na chai kidogo. Tafuta mizani ndogo ya dijitali, zile za kupimia dhahabu. Hazina bei kubwa.

Dakika zikiisha, mimina chai kwenye kikombe, kisha pindua kibirika ili machicha yabaki juu ya kifuniko. Watu wengi wanayatupa machicha bila hata kuyatazama, nayo yana habari kubwa. Yakiwa na rangi ya shaba, yanang'aa kama sarafu mpya, kiwanda kimefanya kazi yake. Yakiwa na kijani kibichi, majani hayakuachwa yaive vizuri kabla ya kukaushwa. Yakiwa meusi yaliyofifia, huenda yamepitiliza au yameungua. Yanuse pia wakati bado yana mvuke, maana harufu mbaya hapo haifichiki.

Ndipo uonje. Chota kwa kijiko, ivute kwa nguvu pamoja na hewa mpaka isikike, ienee mdomo mzima hadi puani. Usione haya, waonjaji wote wanafanya hivyo. Halafu tema. Ukimeza kila kikombe tumbo litakuchafuka na usiku hutalala.

Sasa unatafuta nini? Mimi naangalia vitu vitatu. Uzito, yaani chai inajaza mdomo au inapita kama maji. Uchangamfu, ule mshtuko mzuri kwenye ulimi unaokuja na kuondoka. Na ukakasi, ule mkwaruzo unaobaki kwenye fizi na mashavu. Ukakasi kidogo ni sifa, ukikawia sana mdomoni ndio kasoro. Uchungu wa koo ni jambo jingine kabisa, usiuchanganye na ukakasi.

Mama Iliki:
Nimesoma vizuri hapo juu, lakini jamani, wangapi humu wanakunywa chai ya rangi kila siku? Nyumba nyingi ni chai ya maziwa. Ukichagua chai kwa kuionja mkavu halafu nyumbani unaitia maziwa nusu sufuria na tangawizi, umechagua chai ya mtu mwingine.

Ghala la Kilindini:
Dada, uko sahihi, na hata sisi tulikuwa tunaonja na maziwa pale mnunuzi anapouza kwa watu wa maziwa. Tena maziwa yanafichua. Tia kijiko kimoja cha chai cha maziwa kwenye kila kikombe, kiasi kilekile. Chai nzuri inageuka rangi ya dhahabu au ya chungwa iliyoiva. Chai dhaifu inageuka kijivujivu kama maji ya kufulia. Ila tangawizi na iliki weka pembeni siku ya kuonja. Viungo vikiingia, unaonja viungo.

KikombeChaPili yeye amesema anakunywa ya rangi, kwa hiyo ya rangi iwe ndiyo hakimu wake.

Chepkoech wa Nandi:
Naongeza kuhusu pakiti yenyewe. Soma herufi zilizoandikwa. Ukiona BP1, PF1, PD au D1, hizo zinaeleza ukubwa wa punje tu, kutoka kubwa kwenda vumbi. Watu wengi hufikiri BP1 ni daraja la ubora. Punje ndogo hutoa rangi haraka, kwa hiyo ukiweka PF1 ya Kericho kando ya D1 ya kwingine, ile D1 itaonekana kali zaidi hata kama shamba lake ni la kawaida. Linganisha punje na punje ya ukubwa wake.

Na pakiti nyingi za dukani ni mchanganyiko wa viwanda vingi. Hapo unahukumu ufundi wa mchanganyaji. Kama lengo lako ni kujua Lupembe na Mufindi zinatofautianaje, tafuta majani ya kiwanda kimoja, ikiwezekana ununue kiwandani kwenyewe, na uulize yamesindikwa lini. Majani ya wakati wa mvua nyingi huota haraka na ladha hupungua. Ya wakati wa baridi na ukavu huota polepole na ladha hukolea. Kiwanda kimoja, ladha mbili.

Mtu wa Ruwi:
Nawasalimu kutoka Muscat. Kuhusu safari: usihukumu chai yoyote kwa kikombe cha hotelini. Huku Ghuba kila kona wanauza karak, chai imechemshwa na maziwa ya kopo, sukari na iliki mpaka inakuwa nzito. Naipenda sana, lakini majani yaliyotumika huwezi kuyajua kamwe. Na maji ya kwenye mtungi wa hoteli yanakuwa yamekaa saa nzima yakiwa vuguvugu, hayatoi kitu.

Mimi nabeba chujio dogo, kikombe changu kimoja cheupe, na majani niliyoshayapima nyumbani, nimeyafunga kwenye vifuko vidogo. Nikifika naomba maji yanayochemka wakati huohuo. Huo unakuwa mwonjo wa kumbukumbu tu. Uamuzi naufanya nyumbani, vikombe vikiwa pamoja.

Mwangalizo: majani ya chai yananyonya harufu haraka. Usiyaweke kwenye begi lenye sabuni, na wewe unayesambaza dawa za mifugo, tafadhali yasikae nyuma ya gari pamoja na mzigo.

Fundi wa Sumbawanga:
Na mwinuko je? Juu milimani maji yanachemka mapema. Hilo halibadilishi chai?

Ghala la Kilindini:
Linabadilisha, ila kidogo kuliko maji mazito. Ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi 1. Njombe mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, Dar ni 100. Kwa hiyo Dar chai hutoa ukakasi zaidi kwa muda uleule. Ndiyo maana nakubaliana na Mtu wa Ruwi kwamba uamuzi ufanyike sehemu moja, kwa maji ya aina moja. Maji ya mvua pia ni mepesi. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya baadaye, chuja, chemsha.

Jambo la mwisho, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Macho yanadanganya ulimi. Mwambie mkeo aandike majina chini ya vikombe wewe ukiwa nje. Na chai moja aiweke mara mbili bila kukuambia ni ipi. Ukivipa vile viwili sifa tofauti, siku hiyo ulimi hauko tayari, rudia siku nyingine. Usionje baada ya pilipili wala baada ya kupiga mswaki.

KikombeChaPili:
Wakuu, nimerudi. Nimenunua maji ya chupa ya lita 6, mizani nimeazima kwa sonara, na mke wangu amesimamia vikombe.

Utando umekwisha kabisa, na Lupembe imerudi kuwa nyekundu. Kilichonishangaza, nikiwa sijui majina, niliyoipenda kuliko zote ni Gisovu: nyepesi ya rangi lakini imechangamka, inaacha mdomo safi. Tukuyu ikafuata. Kericho ilikuwa na uzito kuliko zote, na mke wangu ameichukua kwa ajili ya chai ya maziwa, maana ilipotiwa maziwa iligeuka dhahabu kweli. Vile vikombe viwili vya chai moja (ilikuwa Mufindi) niliviweka nafasi ya tatu na ya nne, nadhani siyo mbaya.

Swali limebaki moja. Kikombe cha Kericho kilipopoa kabisa kiliingia ukungu, kama mtu amedondoshea maziwa, na maji ni yaleyale ya chupa. Majani yana shida?

Ghala la Kilindini:
Hayana shida, hiyo ni dalili ya chai yenye nguvu. Vitu vinavyoipa chai rangi na uchangamfu vinashikana na kafeini chai inapopoa, ndipo unaona ukungu. Kipashe moto kikombe hicho, ukungu utayeyuka na chai itang'aa tena. Ule utando wa maji ya kisima hauyeyuki hata ukichemsha, kwa hiyo kuanzia leo unaweza kuvitofautisha.