Aplikesheni yangu ya sukari ikianza kukokotoa dozi ya insulini, inageuka kifaa tiba?

Mtunza Daftari:
Wakuu, habari zenu. Baba yangu ana kisukari, huu mwaka wa 11. Miaka yote hiyo alikuwa akiandika vipimo vyake kwenye kidaftari cha mfukoni. Siku moja kabla ya kliniki nikakifungua, nikakuta jasho limefuta wino: 8.4 huijui na 3.4. Ndipo nikamtengenezea aplikesheni. Anaingiza kipimo, saa na alichokula, inamchorea grafu, basi. Leo watu kama mia mbili wanaitumia.

Sasa wanaomba kitu kimoja: wakiweka sukari na wanga wa mlo, iwaambie wachome uniti ngapi. Hesabu yenyewe ni mistari ishirini ya kodi ya programu. Nimeshaiandika, ila kuiachia nasita. Mpaka uko wapi kati ya daftari na kifaa tiba? Na nikiandika chini kwamba "hii si mbadala wa ushauri wa daktari", nitakuwa nimejikinga?

Mpanga Mafaili:
Mkuu, umesita pale hasa panapotakiwa. Kazi yangu ni kuandaa maombi ya usajili wa vifaa tiba, na swali la kwanza siku zote ni moja: programu imekusudiwa kufanya nini? Simu ni ileile. Kutunza na kuonyesha namba ni jambo moja, kumwambia mgonjwa achome kiasi gani ni jingine kabisa.

Marekani, sheria ya Desemba 2016 iliziondoa programu nyingi za kutunza kumbukumbu kwenye orodha ya vifaa tiba. Iliziachia pia baadhi ya zile zinazomshauri mhudumu wa afya, mradi aweze kuona msingi wa ushauri na kuupima mwenyewe. Msamaha huo haumfikii mgonjwa anayejichoma nyumbani. Ulaya, kanuni ya 2017/745 ilianza kutumika Mei 26, 2021. Kanuni yake ya 11 inaipandisha programu daraja la hatari kulingana na madhara yanayoweza kutokea ikikosea: kuanzia IIa, IIb ikiweza kudhoofisha afya vibaya, hadi III ikiweza kuua. Insulini ikizidi inaua, kwa hiyo usitarajie daraja la chini.

Hiyo sentensi ya chini haikukingi. Huwezi kutoa dozi kisha ukasema hukukusudia itumike.

Sista wa Zamu:
Kaka, mimi ni muuguzi, naomba nikuulize jambo dogo. Mashine nyingine zinasoma mmol/L, nyingine mg/dL. Sukari ya 6 kwenye moja ni 108 kwenye nyingine. Mtu akihamia mashine mpya akaandika 108, programu yako itamwambia nini?

Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha uchunguzi wa vikokotoo 46 vya insulini vya kwenye simu. 42 havikuwa vikihakiki namba inayoingizwa, na 31 vingeweza kutoa dozi isiyofaa. Kimoja tu hakikukutwa na kasoro.

Mtunza Daftari:
Sista, nimesoma ujumbe wako nikafungua kompyuta papo hapo. Lengo nilikuwa nimeweka 6, na uniti moja kushusha 2.5. Nikaandika 108. Ikajibu bila kuuliza chochote: uniti 40.8. Mtu ambaye sukari yake iko sawa kabisa! Nikaacha sehemu ya sukari wazi, nikaweka wanga peke yake. Ikajibu tena.

Ile mistari ishirini nimeitoa. Grafu inabaki, na usiku huu naongeza swali la kizio (mmol/L au mg/dL) kwa kila anayefungua mara ya kwanza. Mpanga Mafaili, nikitaka kuirudisha kwa njia halali, nianzie kwenye karatasi au kwenye kodi?

Mpanga Mafaili:
Karatasi. Anza na ISO 14971, kiwango cha kimataifa cha kudhibiti hatari za vifaa tiba: andika kila njia ambayo namba inaweza kumdhuru mtu na utakavyoizuia. 108 ya Sista iwe mstari wa kwanza. Kisha IEC 62304, kiwango kingine, kinachosimamia jinsi programu inavyotengenezwa na kutunzwa. Na mtafute daktari wa kisukari mapema, kabla hujaandika kodi mpya.