Ushauri: Nina baipola, nitalalaje msibani ukweni bila kuugua tena?

MamaMapacha (mwanzisha uzi)

Wapendwa, salamu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu, maana jambo lenyewe linaweza kuonekana dogo.

Nina miaka 37, naishi Tanga mjini, nimeolewa, nina mapacha wa miaka 8. Ugonjwa ulinianza mwezi wa pili baada ya kujifungua, na daktari akasema ni baipola. Kwa asiyeijua: kuna vipindi napanda, silali, naongea bila kituo, fedha zinanitoka mkononi kama maji. Halafu nashuka, sonona inanilaza, hata kuoga kunakuwa kazi ya kutwa nzima. Katikati hapo niko sawa kabisa. Nashona, napeleka watoto shule, nagombana na fundi bomba. Natumia kabamazepini asubuhi na usiku, na olanzapini saa tatu usiku. Saa nne nimelala. Nyumba yangu nzima imesimama juu ya hiyo saa nne.

Mwaka 2022 alifariki mama mdogo, Lushoto. Nililala msibani siku tatu, mkekani na akina mama, mapambio hadi alfajiri, chai ya rangi kikombe juu ya kikombe. Dawa zilikuwa kwenye pochi. Niliona aibu kuzimeza mbele za watu, kila mmoja angeuliza "kwani unaumwa nini?" Siku ya tatu sikuwa nimechoka hata kidogo. Nikapika, nikaosha masufuria, nikaongoza nyimbo. Wakanisifu, wakasema huyu ndiye mtoto wa kufa na kuzikana. Hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa ugonjwa unaingia, hata mimi. Wiki moja baadaye, nikiwa mweka hazina wa kikoba chetu, niligawa shilingi 1,840,000 za wenzangu kwa watu niliokutana nao njiani. Nilizilipa kwa kushona sare za shule, miezi 14.

Sasa mama mkwe yuko kijijini Muheza, saratani, wametuambia tumuuguze nyumbani. Mungu anisamehe kwa kupanga haya angali anapumua. Ndiye aliyenipokea nilipougua mara ya kwanza, akakaa nami miezi minne akinifulia nepi za mapacha, na mabinti zake akawaambia tu kwamba uzazi umenichosha. Wifi zangu watatu hawajui hadi leo. Baba mkwe alipofariki mwaka juzi, usiku nilikwenda kulala gesti Muheza mjini, nao wakasema najiona wa mjini, siwezi kulala chini. Mara hii sitaki kusemwa hivyo, maana huyu ni mama yangu.

Wenzangu mnaoishi na ugonjwa huu, misibani mnafanyaje? Na je, niwaambie wifi zangu?

---

Fundi_Saa

Pole sana dada. Mimi ninao mwaka wa 11 huu, niko Shinyanga. Nakuambia ninavyofanya mwenyewe.

Nimejifanya mtu wa asubuhi. Saa 11 alfajiri niko msibani kabla ya waliokesha hawajanyoosha migongo. Nachota maji, napasua kuni, naenda sokoni na mama mpishi, na kaburi nachimba mchana. Saa mbili usiku naaga. Mwanzoni walininong'ona, sasa wananitegemea, kwa sababu alfajiri msiba hauna watu. Kila mtu amelala, na uji unatakiwa.

Fedha: nikiwa mzima nilimwomba mke wangu abadilishe namba ya siri ya laini yangu yenye akiba. Kwenye simu nabaki na ya matumizi ya wiki. Niliona nimeshushwa hadhi kidogo mwaka wa kwanza, nikazoea. Na uweka hazina usiukubali tena, hata wakikubembeleza.

---

Nesi_wa_Zamu

Dada, nafanya kazi kliniki ya afya ya akili. Umeeleza vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Kuna sentensi yako moja nataka kila mtu airudie: "sikuwa nimechoka hata kidogo." Mtu asiyelala siku mbili anatakiwa achoke. Asipochoka, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Ukilala muda usiofika saa tano kwa usiku, usiku mbili mfululizo, na bado unajisikia una nguvu za kuhamisha mlima, usingoje usiku wa tatu. Baba watoto apige simu kliniki.

Nenda kwa daktari wako sasa hivi, msiba haujafika, umweleze kama ulivyotueleza. Mwandike mpango. Dawa za siku kumi zikae kwa mumeo, nyingine kwako. Zibaki kwenye pakiti yake yenye jina, usizihamishie kwenye karatasi. Ukisahau dozi usimeze mbili kwa pamoja kufidia. Na usipokee kidonge cha usingizi cha jirani, hata akikwambia kimemsaidia mwaka mzima. Chai ya rangi na kahawa, mwisho saa nane mchana.

Hili hukuliuliza, ila siwezi kulipita: kabamazepini inapunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za kijiti. Kama unatumia kimojawapo, mwulize daktari njia nyingine.

---

Mnyenyekevu_01

Dada, dawa hizo zitakufanya mtumwa maisha yako yote. Umeshapona, miaka hiyo yote ni ushahidi. Ziache, funga siku saba, simama kwa imani.

---

Babu_wa_Usharika

Mnyenyekevu, mimi ni mzee wa kanisa, na kufunga nakujua. Binti yangu alishauriwa hivyohivyo na watu waliompenda. Aliacha dawa, akafunga, akapungukiwa usingizi, na siku ya tisa tulimtafuta usiku kucha barabara ya Arusha akitembea peku. Ninaomba kila siku na yeye anameza kila siku. Sasa ni mwaka wa sita yuko darasani anafundisha. Tafadhali usimwambie mgonjwa aache dawa kama hutakuwepo siku ya tisa.

---

Mwana_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi natumia lithiamu, kwa hivyo naongeza kwa wenye dawa hiyo kama mimi, maana matangani ndiko nilikoponea chupuchupu. Jua kali, maji kidogo, mgongo ukaniuma kwa kubeba viti, jamaa akanipa diklofenaki. Siku ya tatu mikono ilitetemeka hadi kikombe kikanimwagikia, natapika, naongea kama mlevi. Hospitali wakapima damu, lithiamu imepanda kupita kiasi. Ukosefu wa maji na dawa hizo za maumivu huizuia isitoke mwilini. Siku hizi naenda na chupa yangu ya maji, na nikiumwa mgongo namwuliza daktari wangu kwanza.

---

Binti_Kilindi

Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye daladala, nimeshuka kituo kisicho changu.

Mimi ni wifi. Mke wa kaka yangu hakulala nasi msiba wa baba. Alikuja mchana, akakaa pembeni, jioni akaondoka. Tulimsema, na mimi nilikuwa wa kwanza. Niliongea maneno jikoni, mbele ya watu, ambayo aliyasikia. Miaka miwili baadaye kaka akaniambia kwamba mkewe ana ugonjwa wa akili na alikuwa ametoka wodini wiki ile. Alikuja kumzika baba yetu pamoja nasi akiwa bado na alama ya sindano mkononi.

Hakuna siku nimekaa naye tukaongea. Namtumia salamu, anajibu, basi. Ningejua, ningemtandikia kitanda changu mwenyewe.

Kwa hiyo usiwaambie wote watatu. Utakuwa umetangaza, na kwetu Tanga mtu akisikia ugonjwa wa akili neno linalofuata ni Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili. Chagua mmoja, yule ambaye wengine wakifungua mdomo akiwaangalia wananyamaza. Mwambie huyo tu, na umwambie unachohitaji, siyo jina la ugonjwa pekee. Mimi ningeambiwa "nahitaji kulala saa nne, na asubuhi nitapika", ningeelewa.

---

Nesi_wa_Zamu

Binti Kilindi, mpigie wifi yako.

---

MamaMapacha

Nimechelewa kurudi, nilikuwa Muheza siku tano. Asanteni, nimewasoma nyote, nyingine nimemsomea baba watoto kwa sauti.

Kliniki nilikwenda Jumatatu. Daktari ameandika mpango, nakala moja anayo mume wangu. Kijiti nitakitoa mwezi ujao. Nesi, sikujua kabisa, Mungu akubariki.

Nilikuwa nimemchagua wifi mkubwa. Nilikaa naye jikoni siku mbili maneno yakinikwama. Siku ya tatu jioni mama alituita sote wawili. Sauti yake imekwisha, unainama kumsikia. Akamwambia binti yake, "Huyu mwenzako usingizi ni dawa yake. Siku yangu ikifika, alale chumbani kwangu, mlango ufungwe saa tatu. Uji wa asubuhi ni wake, asipike mwingine." Wifi akaniangalia. Akauliza, "Tangu mapacha?" Nikasema tangu mapacha. Hakuniuliza jingine. Usiku ule, saa tatu ilipofika, aliniletea maji ya kumezea dawa, akasimama mlangoni hadi nikamaliza, akachukua kikombe.

Mama bado yupo. Leo amekunywa uji nusu bakuli.