Morris Minor 1000 ya 1965 imeoza chini: nianze na bodi au injini?

Bati_la_Mbweni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kuna Morris Minor 1000, saluni ya milango miwili, injini ya cc 1098, imesimama Mbweni chini ya turubali la plastiki muda mrefu, na bahari iko karibu. Injini inazunguka kwa mkono, haijakwama. Pedali ya breki inazama mpaka sakafuni. Upande wa dereva sakafu inatoboka kwa bisibisi, na ule ukingo wa chini ya milango umevimba. Gurudumu la mbele kushoto ukilishika juu na chini linacheza. Kwa juu rangi bado nzuri.

Nataka kazi kubwa ifanyike nyumbani. Fundi mmoja anasema tuiwashe kwanza, kisha sakafu tuizibe kwa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo na gundi yake). Jee, mpangilio huo ni sahihi? Na petroli ya siku hizi haitaharibu valvu?

Panelbita_Mwera

Waaleikum salaam. Anza na bodi, injini iache ilale. Morris Minor haina chesisi ya kufungulika kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Hilo bati lililooza chini ni mfupa, si ngozi.

Toa viti na mazulia yote, kisha gonga kwa nyundo ndogo na uchokonoe kwa bisibisi. Tazama sana boriti ya chuma inayokatisha chini ya viti vya mbele, hasa ncha zake mbili pale jeki inapoingia. Springi za mbele za gari hii ni fimbo ndefu zinazojisokota, na ncha zake za nyuma zimefungwa kwenye boriti hiyo. Ikioza, nguvu yote ya springi inavuta bati bovu, na gari inainama upande mmoja hata ukibadilisha kila kitu cha mbele. Baada ya hapo kagua mabano ya springi za nyuma na ile miguu miwili ya chesisi, yaani boriti mbili za mbele zinazobeba injini.

Faiba, hapana. Haishiki juu ya kutu, haibebi uzito, na inafungia unyevu kati yake na bati. Kwa juu utaona sakafu safi huku chini kunaliwa.

Kabla hujakata ukingo wa chini ya mlango, gari ikae sawa juu ya stendi nne na milango iwe imefungwa mahali pake. Pima nafasi kati ya mlango na nguzo, juu, kati na chini, uandike. Kisha chomelea engo (chuma chenye umbo la L) ya inchi 1 kwa ndani, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma ya mlango, pande zote mbili. Engo ipite mahali ambapo mlango bado unaweza kufungwa, maana utakuwa unaupima tena na tena. Kata upande mmoja, umalize kabisa, ndipo uende wa pili. Wanaoruka hatua hii huishia na gari iliyopinda katikati, milango haifungi, na dawa yake ni kukata tena.

Bati litumike la mm 1.2 kwa sakafu na kingo, mm 1.6 kwa boriti, mm 2 kwa mabano ya springi. Usikubali kuwekewa bati la paa. Ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi wenye sumu. Mashine ya kuchomelea ya fimbo itatoboa bati la mm 1.2, tafuta ya waya (MIG), waya wa mm 0.8 pamoja na gesi. Hapo ujue upepo ni adui: kusi ikivuma uani, gesi inapeperushwa na chomeo linakuwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Ziba kwa mbao au fanya kazi ndani ya ukuta. Chomelea nukta moja hapa, nyingine kule, sentimita moja moja, ukivuta mstari mrefu bati linajikunja.

Betri iondolewe. Ukifika nyuma, tangi la petroli litoke kabisa, liko chini ya buti karibu na mabano ya springi. Tangi tupu ni la hatari zaidi, kwa kuwa limejaa mvuke.

Jambo linalosahaulika sana huku kwetu ni chumvi. Kabla ya praima (rangi ya kwanza ya chini) yoyote, osha chini kote na ndani ya mikunjo kwa maji ya mvua, zaidi ya mara moja, uache yakauke juani. Chumvi ikibaki kwenye kiungo, rangi itatuna hata kama praima ni ya bei gani.

Breki_Chake

Mwenzangu kamaliza ya bati. Kwenye gurudumu linalocheza usifanye mzaha, yakhe. Kingpini, ule mhimili wa wima ambao gurudumu la mbele hugeukia, kwenye Morris Minor ina nyuzi za skrubu juu na chini, na kila upande umeingia kwenye kizibo chake chenye nyuzi, ukizunguka humo kila unapokata usukani. Nyuzi za chini zikilika, kingpini inachomoka na gurudumu linalala chini ya gari. Mara nyingi hutokea mwendo mdogo usukani ukiwa umekatwa, kama wakati wa kuegesha, lakini hakuna wa kukuahidi hivyo.

Kupima: inua mbele, weka stendi chini ya sehemu nzima ya chesisi, gurudumu lining'inie. Ingiza nondo chini ya tairi uinyanyue taratibu, mwenzio atazame kiungo cha chini kwa tochi. Gurudumu na kingpini vikipanda na kushuka huku kizibo kimetulia, nyuzi zimekwisha. Kama mchezo uko kwenye beringi, utauona kati ya dramu na bamba la breki.

Ukifungua, tanguliza jeki chini ya mkono wa chini wa saspensheni. Ile fimbo ya msokoto imebeba nguvu. Ukifungua kiungo cha juu bila jeki, mkono unashuka kwa kishindo na unavunja vidole. Kingpini ya kulia na ya kushoto hazibadilishani, kwa hiyo ukiagiza taja upande. Agiza pamoja na vizibo vyake, usitie kipya juu ya kilicholika.

Baada ya hapo ni grisi kila kilomita 1,600, na wakati wa mvua fupisha. Inua mbele kwanza, maana uzito ukiwa juu ya gurudumu grisi haiingii upande unaobeba. Bomba mpaka grisi chafu itoke yote. Kuna wanaotia oili nzito kwa sababu wamesoma habari za gari jingine, Triumph Herald. Ile ndiyo inataka oili. Hii inataka grisi.

Breki sasa. Masta silinda, ile inayosukumwa na pedali, imo ndani ya mguu wa chesisi chini ya sakafu ya dereva, na hujazwa kupitia kifuniko kilicho sakafuni. Ndiyo maana ikivuja huoni. Boliti zake zinazuiliwa na fimbo ya msokoto, haziwezi kuchomoka zote. Wakati wa kurudishia, zitie kwa upande wa pili ili siku nyingine zitoke. Wili silinda, zile ndogo za kwenye magurudumu, ni sita: mbili kwa kila gurudumu la mbele na moja kwa kila la nyuma. Badilisha zote pamoja na mipira (paipu za mpira) ya breki. Mfumo huu ni wa njia moja tu, silinda moja ikivuja unakosa breki za magurudumu yote manne. Paipu za chuma zitupe, tia za mchanganyiko wa shaba na nikeli za inchi 3/16, hizo hazioti kutu kwa hewa ya bahari.

Bati_la_Mbweni

Ahsanteni sana. Kuhusu mafuta ya breki, nimeshauriwa nitie ya silikoni kwa sababu hayanyonyi unyevu. Ni sawa?

Breki_Chake

Kama kila kitu ni kipya na kikavu, yanakubali. Lakini yakichanganyika na ya zamani huleta matatizo ya mipira ya ndani ya silinda, na fundi yeyote akija kuongeza ataongeza DOT 4, yale mafuta ya breki ya kawaida, bila kukuuliza. Mimi nasema tumia DOT 4 na ubadilishe yote kila mwaka. Kwa unyevu wa Unguja na Pemba mwaka usipite.

Kabureta_Mlandege

Mimi naongeza ya injini tu. Kabla ya kuiwasha, toa plagi, tia oili kijiko kimoja kila silinda, iache usiku kucha, izungushe kwa mkono. Oili ni 20W-50, lita 3.7 pamoja na filta. Nafasi ya valvu weka inchi 0.012, yaani mm 0.30, injini ikiwa baridi. Nafasi ya plagi inchi 0.025, ya pointi za distributa inchi 0.015. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Kabureta ya SU itie oili nyepesi kwenye kile kibomba cha juu. Ikikauka, gari inakohoa ukikanyaga ghafla.

Kuhusu swali la petroli: madini ya risasi, yaliyokuwa yakilinda viti vya valvu, yaliondolewa kwenye petroli ya nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006, na viti vya valvu za ekzosi vya injini hii ni chuma laini. Usifungue silinda hedi kwa sababu hiyo peke yake. Endesha polepole, pima valvu kila kilomita 5,000. Nafasi ya ekzosi ikizidi kupungua kila ukipima, kiti kinazama, ndipo uitoe hedi upeleke ikatiwe viti vigumu. Ukirudisha, nati zake ni futi-pauni 40, kwa hatua tatu, kuanzia katikati kwenda nje.

Rejeta usiitie maji ya kisima. Maji yetu yanapita kwenye mawe ya chokaa, na chokaa hiyo inaganda ndani ya mirija na nyuma ya bloku. Tia maji ya mvua yaliyochujwa au ya betri, nusu kwa nusu na kulenti (dawa ya rejeta). Na mtu asikutolee thamostati (valvu inayodhibiti joto la maji) kwa hoja ya joto la Zanzibar. Injini haitafika joto lake, petroli mbichi itaosha oili kwenye silinda. Tia ya nyuzi 82.

La umeme: gari hii kiwandani ilitoka na chanya ya betri kwenye bodi. Thibitisha kabla ya kufunga betri, hasa kama pampu ya petroli imebadilishwa kuwa ya kielektroniki, maana nyingi za hizo huungua papo hapo ukigeuza.

Panelbita_Mwera

Nimerudi kwa turubali. Litoe leo. Linafungia jasho la ardhi usiku na bati halikauki hata mchana. Banda la makuti lililo wazi pande zote ni bora, na chini weka mbao au zege, si mchanga wa pwani. Rangi iwe ya mwisho, Julai hadi Septemba, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakauka. Nta ya ndani ya kingo nyunyiza baada ya rangi kukauka, na uhakikishe matundu ya kutolea maji chini ya milango yako wazi.