Tupeane uzoefu: nani alishapigwa nyumbani kisa "heshima ya ukoo"?

Mtoa mada: Wakuu, jana jioni huku Tandika kaka mtu kamshusha dada yake kwenye bodaboda akamburuta mpaka ndani kisa kaonekana na mwanaume. Watu wamejaa wanaangalia, wamama wanasema mwache afundishwe anatuaibisha. Binti anafanya kazi, kodi ya chumba analipa yeye! Yaliyowakuta semeni.

Wa Gongo la Mboto: Yalinikuta. Mpaka leo sikukuu siendi nyumbani.

Binti Mbagala: Mkuu umenitonesha. Baba alishapokea mahari ya mtu nisiyemtaka, hela ikaishia kwenye bati. Nikagoma. Kaka zangu wakachukua simu wakakuta meseji za mchumba wangu, basi nikawa nimemvua nguo baba. Wakanifungia ndani wakaninyoa kwa wembe mkavu, mkubwa kanikaba shingo mdogo ananyoa, na huyo mdogo mimi ndo nimembeba mgongoni, damu inaingia machoni hata simwoni. Mama yuko uani anakuna nazi. Anasikia kila kitu jamani na mbuzi haikusimama, kwaru kwaru kwaru, hiyo ndo inaniuma kuliko wembe. Mama ntilie mpangaji wa chumba cha mwisho ndo alipiga mlango mpaka ukafunguka, akanipeleka polisi dawati la jinsia, nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, nikashonwa. Baadaye wazee wakakaa wakasema yaishe kifamilia, mama ntilie akafukuzwa nyumba, kesi ikafa.

Mzee wa Kazi: Pole, ila mabinti nanyi mmezidi. Baba asipokemea nani akemee?

Mama Wawili: Kukemea kwa wembe?? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, hata mume haruhusiwi kumpiga mkewe, kaka kapata wapi ruhusa? Na cha 16 kinasema ndoa ni hiari ya wote wawili, mahari iliwe isiliwe.

Mzee wa Kazi: Sheria za wazungu hizo.

Mama Wawili: Imetungwa na Bunge letu enzi za Nyerere. Soma kwanza.

Dogo Temeke: Dada hama mkoa, badili laini.

Wa Gongo la Mboto: Ahame kwani kaiba? Abaki, afungue kesi upya.

Kiluvya Moja: Mimi nashauri shangazi. Kwetu shangazi akifoka baba ananywea.

Binti Mbagala: Shangazi ndo alinishika miguu.

Kiluvya Moja: Duh. Samahani dada yangu.

Mama Wawili: Mnaoishi na watu wa hivyo, vyeti na kitambulisho cha NIDA pelekeni kwa rafiki mapema, vikichanwa unaanza moja.

Dogo Temeke: PF3 shilingi ngapi?

Mama Wawili: Bure. Ukidaiwa hela omba kuonana na mkuu wa kituo. Umeumia vibaya kimbilia hospitali kwanza, usife ukisubiri karatasi.