Naomba ushauri: wanafunzi wa Kongo kweli wanaridhika na shule kuliko wenyeji?

Mwalimu wa Isingiro
Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafundisha sekondari karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako wenyeji na watoto waliotoka Kongo wanasoma darasa moja. Tumejaribu hojaji ya mwanasaikolojia Huebner ya kupima jinsi wanafunzi wanavyoridhika na maisha, iliyoundwa Marekani mwaka 1994, yenye maswali 40 kuhusu familia, marafiki, shule, mazingira na nafsi. Wakongo wamepata wastani wa juu kuhusu shule, na mkuu wa shule anataka tuandike kwamba wao ndio wanaoridhika zaidi. Je, hesabu hiyo inatosha?

Mwanatakwimu, Mbarara
Haitoshi, mwalimu. Katika PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, ya mwaka 2015, vijana wa miaka 15 waliulizwa wanaridhika kiasi gani na maisha, kuanzia 0 hadi 10. Wastani wa Mexico ulizidi 8 na wa Korea Kusini haukufika 6.5, ilhali katika hisabati Wakorea waliwaacha mbali. Tofauti ya namna hiyo huchanganya maisha yenyewe na mazoea ya kujibu, kwa kuwa kuna jamii ambamo kijana hulelewa asijisifu, na nyingine ambamo kulalamika mbele ya mgeni ni utovu wa adabu. Kwanza hakikisha kwamba maswali yanajikusanya katika nyanja zilezile kwa makundi yote mawili, kisha kwamba yana uzito uleule, na mwisho kwamba wanafunzi wenye hali sawa hutoa alama sawa bila kujali kundi lao. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kutimia, na lisipotimia usilinganishe wastani hata kidogo. Ili kulipima, waeleze wote habari za mwanafunzi wa kubuni, anayelala katika bweni lililojaa lakini ana marafiki wengi, nao wampe alama ya jinsi anavyoridhika. Makundi yakitofautiana juu yake, utajua kwamba vipimo vyao si sawa.

Mshauri nasaha, Hoima
Mimi nauliza nani alisimama mbele ya darasa. Mtoto mkimbizi aliyezoea fomu za msaada anaweza kujibu kwa shukrani au kwa hofu. Majina yasiandikwe, na mzazi au mlezi aridhie kabla ya mtoto kuulizwa.

Mwalimu wa Isingiro
Alisimama mwalimu wa zamu, na majina yaliandikwa. Nitamwomba mkuu asitangaze matokeo hayo, turudie upya pamoja na yule mwanafunzi wa kubuni.

Mshauri nasaha, Hoima
Vizuri, mwalimu. Safari hii asimamie mtu asiyewapa alama wala adhabu.